UZI: Mbwa na paka wanaoganda jikoni kila sufuria ikibandikwa – tuwatoeje bila fimbo, na wasipewe nini kabisa

#1 Jiko_la_Uwani (mleta uzi)

Mbukwenyi wanajamvi.

Hapa Dodoma nyumba nyingi zinapikia uwani: jiko la mkaa au mafiga, kibao cha kukatia, beseni la mboga pembeni. Mbwa na paka hawasubiri kufunguliwa mlango, wameshafika. Naanzisha uzi huu tuweke utaratibu wote sehemu moja, maana ushauri unaozunguka mitaani ni wa aina mbili tu: "mpige" au "mtupie kidogo aondoke". Huo wa pili ndio unaozaa tatizo lenyewe.

Mtazame mbwa kisu kinapogusa kibao. Masikio yanasimama hata kabla harufu haijatoka. Anasogea taratibu, anakaa hatua mbili kutoka kwa anayekata, na ukimfuatisha macho utaona hayapo kwenye nyama, yapo kwenye mkono. Uzi mwembamba wa mate unashuka pembeni ya mdomo. Mkono huo siku fulani uliangusha kipande, na yeye hajasahau.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba mnyama anayepewa mara moja moja huwa king'ang'anizi kuliko anayepewa kila siku. Anayepewa kila siku akikosa siku 3 mfululizo anagundua mambo yamebadilika. Aliyezoea kupata leo na kukosa kesho hawezi kugundua, kwake kukosa ni sehemu ya kawaida ya kusubiri. Kwa hiyo yule anayesema "mimi humpa kwa nadra sana" ndiye anayemfundisha vizuri zaidi kuomba.

La pili: ukiacha kumpa, ataongeza kwanza. Siku za mwanzo atalia zaidi, atakwaruza mguu, atabweka. Nyumba nyingi hushindwa hapo. Siku ya 3 au ya 4 mtu anachoka na kelele, anatupa kipande, na mbwa anajifunza kwamba kumbe kilichokuwa kinahitajika ni kubweka kwa muda mrefu zaidi. Kama nyumba haijakubaliana wote, pamoja na watoto, dada wa kazi na bibi, ni afadhali msianze kabisa hadi mkubaliane.

Baada ya hapo mpe mahali pa kukaa na saa ya kula. Kumfukuza peke yake hakutoshi, kwa sababu mnyama aliyefukuzwa hajaambiwa aende wapi.

Saa ya kula: mpe chakula chake nusu saa kabla hujawasha moto. Mbwa mzima mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni. Mtoto wa mbwa chini ya miezi 4, mara 3 hadi 4.

Mahali: kunja salfeti tupu (gunia la plastiki) mara mbili, au chukua kipande cha mkeka chakavu. Liweke mita 2 hadi 3 kutoka jikoni, kivulini, anapoweza kukuona. Lisiwe kwenye njia ya anayebeba sufuria la moto. Angalia na upepo: huu upepo wetu wa Juni hadi Agosti ukimpelekea moshi usoni hatakaa hata dakika moja, nawe utasema mbwa ni mkaidi.

Nikipata nafasi nashusha hatua zenyewe hapo chini.

#2 Kikuyu_Kusini

Mkuu, maelezo marefu haya. Mwiko mmoja wa mgongoni au maji ya jikoni kidogo, harudi tena.

#3 Bwana_Mifugo_Bahi

Kaka Kikuyu, hapana, na naomba watu wasilichukue hili. Maji ya moto yanaunguza ngozi chini ya manyoya, na kidonda huonekana baada ya siku kadhaa ngozi inapoanza kuchubuka. Kufikia hapo nzi wameshataga na funza wamo ndani. Fimbo nayo ina hasara yake: mbwa anajifunza kuogopa aliyeshika mwiko, haachi kutaka chakula. Atasubiri mpishi aingie ndani, kisha aibe. Na mbwa mwenye hofu karibu na chakula ndiye anayeng'ata mkono wa mtoto anayepita na tonge.

Ikitokea mtoto akang'atwa, hata kama ni mkwaruzo wa jino: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Msipake mafuta, majivu wala dawa ya meno. Mbwa mwenyewe achanjwe akifika miezi 3, halafu kila mwaka.

#4 Jiko_la_Uwani

Hatua za mkekani. Zinahitaji dakika 5 kila kipindi, mara 2 kwa siku, kwa takriban wiki 3.

Malipo yake: dagaa waliochemshwa bila chumvi, kila mmoja umegwe vipande viwili. Andaa vipande 15 kwa kipindi. Weka kwenye kikombe cha plastiki, sio mfukoni, kwani mbwa atakufuata mfuko siku nzima.

Siku ya 1 na 2, jiko likiwa halina moto. Weka salfeti, simama kimya. Akikanyaga hata kwa mguu mmoja, dondosha kipande cha dagaa juu ya salfeti, katikati ya miguu yake ya mbele. Usimpe mkononi. Hili ndilo watu wengi wanakosea: chakula kikitoka mkononi kwenda mdomoni, anaendelea kuutazama mkono. Kikiwa kinatokea kwenye salfeti, baada ya mara 20 hivi utaona shingo inainama na macho yanashuka chini kuutafuta mkeka. Hapo ujue ameanza kuelewa.

Siku ya 3 na 4, lipa tu akilala. Usimsukume kiuno. Subiri, atachoka kusimama. Akishalala mara 10 bila shida, anza kutamka neno kabla hajaenda: "Mkekani." Neno moja, na nyumba nzima litumike hilohilo. Baba akisema "toka", mama "kule", mtoto "lala", mbwa hajasikia kitu. Mtafutie na neno la kumruhusu kuondoka, "haya" linatosha.

Siku ya 5 hadi 7, muda. Lipa baada ya sekunde 3, kisha 5, kisha 8, rudi 4, nenda 12, rudi 6, nenda 20. Usipande tu kama ngazi, ukifanya hivyo anagundua kila mara inakuwa ngumu zaidi na anaacha.

Wiki ya 2, mapishi ya uongo. Sufuria tupu, mwiko ukikoroga hewa, kisu kikigonga kibao kisicho na kitu. Kila sauti inalipwa akiwa amelala. Sauti ya kisu ipewe siku yake, ndiyo nzito kuliko zote.

Wiki ya 3, moto kweli. Anza na ugali na mlenda. Nyama, samaki na dagaa viwe vya mwisho kabisa. Mwanzoni dondosha kipande kila baada ya sekunde 30, ukienda dakika 1, dakika 3, dakika 5. Mwisho wake ni kipande kimoja au viwili katika mapishi yote na bakuli lake la mabaki watu wakishakula.

Akiinuka: mkono unasimama, hakuna kelele, unamrudisha kwa neno, unaendelea. Akiinuka mara 3 mfululizo, hatua uliyochukua ni kubwa kuliko yeye. Rudi nyuma hatua 2, usirudi moja.

#5 Ipagala_Kwetu

Asante mkuu. Swali: mbwa wa kienyeji anayelinda usiku, naye anahitaji kiasi gani ili nijue anaomba kwa mazoea au kwa njaa? Maana nyumba nyingi mlinzi anakula ukoko tu.

#6 Bwana_Mifugo_Bahi

Swali zuri, na lingetakiwa kuja kabla ya mafunzo yote. Mbwa mwenye njaa ya kweli hafundishiki kukaa mkekani.

Pima kwa mkono kwanza. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zake zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja, pitisha kidole upande wa nyuma wa mkono, ule wenye mifupa inayosikika chini ya ngozi: hapo yuko sawa. Ukibonyeza mbavu na kusikia kama tumbo la kiganja, amezidi. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane kimeingia ndani.

Uzito: jipime umembeba, jipime peke yako, toa. Mbwa wa kilo 15, ambaye ndiye wa kawaida mitaani kwetu, anahitaji takriban kilokalori 850 kwa siku. Kwa vyakula vya hapa hiyo ni kama unga mkavu gramu 150 (kikombe kimoja cha robo lita kilichojaa), dagaa wakavu gramu 70 na mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chai. Pika ugali laini na dagaa waliooshwa mchanga, poza, gawa mara mbili. Ukoko peke yake unajaza tumbo lakini hauna protini ya kutosha. Mbwa wa ukoko ataomba maisha yake yote, na ana haki ya kuomba.

Dagaa wawe wa maji baridi (wa ziwani) waliokaushwa bila chumvi. Waliotiwa chumvi walowekwe na maji yabadilishwe mara 2.

Halafu minyoo. Mbwa anayekula vizuri lakini amekonda, ana tumbo la duara, manyoya yamekufa, mpe dawa kabla ya kumlaumu. Watoto wa mbwa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Paka mzee anayekula sana huku anapungua, au mbwa anayekula na kunywa maji kupita kawaida, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kuna kisukari, na kwa paka kuna tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Dawa za jamii ya predinisoloni (steroidi za kupunguza uvimbe na mwasho) pia huleta njaa kali, kwa hiyo uliza kama amedungwa karibuni.

#7 Mwalimu_wa_Kondoa

Naongezea kwenye unga. Kuna desturi ya kusema mahindi yaliyoota ukungu "haya ni ya mbwa". Msifanye hivyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Ini la mbwa halihimili sumu hiyo kabisa. Na kupika hakuiondoi, inastahimili moto wa jikoni kwetu. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, macho na ufizi kuwa manjano, kinyesi cheusi. Karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi ziko kundi hilohilo. Mashudu ya karanga yaliyokaa kwenye unyevu pia.

#8 Kinyambwa

Hoja yangu tofauti kidogo. Mnaandika kana kwamba kila nyumba ina mizani. Mbwa wengi wa mkoa huu wameishi kwa mabaki miaka na miaka. Mkisema mabaki ni marufuku, watu hawataacha kuyatoa, wataacha tu kuwasikiliza.

#9 Jiko_la_Uwani

Kaka Kinyambwa, hoja yako ni ya kweli na sijasema marufuku. Mabaki apewe. Kinachobadilika ni vitu vitatu: yanatoka lini, yanawekwa wapi, na yamechambuliwaje. Yatoke watu wakishamaliza kula na vyombo vimekusanywa. Yawekwe kwenye chombo chake, mahali pake, asipewe mezani wala jamvini. Yapoe. Tonge la ugali limepoa nje lakini katikati linaunguza, mbwa hatafuni, anameza, koo linababuka.

Chombo chake kiwe chake peke yake. Kwa nyumba za Waislamu hili linajulikana, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo kopo lililotengwa na kuwekwa nje ya uzio wa jiko linaokoa usumbufu wote.

Kuchambua namwachia Bwana Mifugo.

#10 Bwana_Mifugo_Bahi

Naanza na kinachotuhusu sisi kuliko mkoa mwingine wowote: zabibu. Zabibu mbichi na zilizokaushwa zinaharibu figo za mbwa. Hakuna kiasi unachoweza kusema ni salama, kwa sababu kinachoshukiwa ni asidi ya tatariki, na kiwango chake hubadilika kulingana na aina ya zabibu na ukomavu wake. Mbwa mmoja anakula kichala na kubaki mzima, mwingine anakula punje chache na kuugua. Zilizokaushwa ni mbaya zaidi kwa uzito uleule, maana maji yametoka na sumu imebaki. Huanza kutapika ndani ya saa 24, analegea, anakataa kula. Ndani ya siku 1 hadi 3 mkojo unapungua au unakatika. Ukisubiri mkojo ukatike umechelewa. Mpeleke ukijua tu kwamba amekula, hata akiwa bado anaruka. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, chumvi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa na mafuta pia hayasaidii.

Wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora: zabibu zetu huvunwa mara 2 kwa mwaka, na kila mavuno punje zilizopasuka zinaachwa chini. Zifukieni au zizungushieni uzio. Masalia ya kukamulia mvinyo ndiyo hatari mara mbili, yana zabibu na yakichachuka yana pombe.

Kitunguu maji na kitunguu saumu. Vinavunja chembe nyekundu za damu, kwa mbwa na zaidi kwa paka. Kupika hakusaidii, na mchuzi una sumu ileile ya kitunguu. Paka wa kilo 4 anaweza kudhurika kwa gramu 20 tu, yaani kipande cha kitunguu kimoja. Mbwa wa kilo 15 anahitaji zaidi ya gramu 200 kwa mara moja, ndiyo maana watu wanasema "wa kwetu anakula mchuzi kila siku na hana neno", lakini kidogo kidogo kila siku nacho hujikusanya. Dalili huchelewa siku 3 hadi 5: ufizi mweupe, kuhema, mkojo wa rangi ya chai. Suluhisho ni jepesi, mtolee nyama yake kabla hujaunga.

Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Ikipikwa inakauka na kuvunjika vipande vyenye ncha. Vijiti vya mishkaki: mbwa anameza kijiti kizima kwa sababu kimenyonya mafuta, na kinatoboa utumbo. Vihesabiwe kabla na baada.

Magunzi. Watu hawalijui hili. Gunzi la hindi la kuchoma lililolambwa chumvi na ndimu linamezwa vipande vikubwa, haliyeyuki tumboni, linaziba utumbo. Linaweza kukaa tumboni siku nyingi kabla ya kusogea. Kutapika kila anachokula, tumbo linauma akiguswa, hapati choo: hiyo ni upasuaji. Kokwa la embe hufanya vivyo hivyo.

Unga wa maandazi uliotiwa hamira. Ukimezwa mbichi unaendelea kuumuka tumboni, kuna joto na unyevu, na hamira inatengeneza pombe. Beseni la unga unaoumuka lifunikwe na liwekwe juu.

Mafuta ya kukaangia na ngozi za kuku zenye mafuta mengi: kongosho linavimba. Mgongo unapinda, anatapika, haguswi tumbo.

Chokoleti, peremende na bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli (kiongeza utamu badala ya sukari), visiwepo kabisa karibu na mbwa.

#11 Mama_Nkuhungu

Nichukue upande wa paka, maana wote mmeganda kwa mbwa.

Paka hafundishiki kwa salfeti chini. Yeye anataka juu. Mtengenezee ubao au kreti la soda lililogeuzwa, kimo cha mita 1 hadi 1.5, anapoliona jiko lakini hawezi kurukia kibao kwa mruko mmoja. Malipo yawekwe pale juu. Akishuka na kupanda mezani, mshushe bila maneno na usimwangalie. Kumrushia maji kunamfundisha kuogopa aliyeshika kopo, na usiku akiwa peke yake anapanda tena.

Tumbo lake ni dogo. Kwa asili anakula mara nyingi kidogo kidogo, kwa hiyo ukimpa mara 1 kwa siku atalia kila mfuniko ukifunguliwa. Gawa mara 4. Moja iwe nusu saa kabla ya kupara samaki. Paka wa kilo 4 anahitaji kama kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Dagaa wakavu gramu 65 tayari wanafika hapo, lakini wasiwe dagaa peke yao. Changanya na moyo na firigisi za kuku.

Ugali na maziwa si chakula cha paka. Anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo hasa kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa miezi macho yanapofuka na moyo unatanuka. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha moyo wa kuku usimwage ile supu, mpe nayo, ikiwa haina chumvi wala kitunguu. Maziwa huharisha paka wengi wazima. Samaki mbichi wa aina kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1, chemsha kwanza.

Na lile la kusema paka asipewe chakula ili akamate panya si kweli. Paka aliyeshiba anawinda vilevile, kuwinda na kula kwake ni mambo mawili. Aliye na njaa anawinda sufuria.

Kufunika: kawa ni nzuri kwa nzi, kwa paka haitoshi, anaiinua kwa pua. Weka mchi juu yake, au kabati la wavu.

#12 Ipagala_Kwetu

Dada, na mama mjamzito nyumbani? Wengine wanasema paka aondolewe kabisa.

#13 Mama_Nkuhungu

Sio lazima aondoke. Vimelea vinavyoogopwa hutoka kwenye kinyesi chake, na kinyesi kibichi cha leo hakiambukizi, kinahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na aondoe mtu mwingine, mjamzito asishike. Hapa mjini shida kubwa ni lundo la mchanga wa ujenzi. Kila mtaa una nyumba inayojengwa, paka wananya mle, kisha nyayo hizohizo zinapanda kwenye kibao cha kachumbari. Funika mchanga kwa turubai. Kibao kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila kabla ya kukata kitu kinacholiwa kibichi. Na nyama iive. Nyama mbichi nayo huambukiza.

#14 Zabibu_Mpunguzi

Bwana Mifugo, hapo kwenye kuchinja hujagusa. Sikukuu ya Idd el Hajj, harusi, minada, mbwa ndio wanaomalizia matumbo.

#15 Bwana_Mifugo_Bahi

Umefanya vizuri kukumbusha, na hili lina uzito kuliko yote niliyoandika.

Mbuzi au kondoo akipasuliwa, geuza ini na mapafu kwenye mwanga. Ukiona uvimbe mweupe wa mviringo, mwingine kama punje ya njugu, mwingine kama yai, ukiubonyeza unadunda na ndani kuna maji maangavu, hicho ni kifuko cha tegu wa mbwa. Usikipasue. Ndani ya yale maji kuna chembe nyeupe kama mchanga laini, na kila chembe inaweza kuwa mnyoo mmoja tumboni mwa mbwa. Mbwa akila hicho kibichi, baada ya wiki 6 au 7 kinyesi chake kinaanza kutoa mayai, naye haonyeshi ugonjwa wowote. Mayai yanaganda kwenye manyoya yake. Mtoto anamshika, analamba vidole. Kifuko kinaota kwenye ini au mapafu ya mtu, polepole, kwa miaka, mpaka siku kinapohitajika kisu cha daktari.

Kwa hiyo: mbwa afungwe kabla ya kuchinja, msingoje hadi baada. Viungo vyenye vifuko vizikwe shimo lenye kina ambacho mbwa hafukui, mawe juu, au vichomwe mpaka viwe majivu. Ukitaka kumpa ini na mapafu yaliyo safi, chemsha dakika 30 kamili tangu maji yaanze kutokota. Kurusha kipande kwenye moto kikababuka nje hakutoshi. Mbwa wa jirani na machinjio au mnada apewe prazikwanteli (dawa ya tegu) miligramu 5 kwa kila kilo, kila wiki 6. Wa kilo 15 ni miligramu 75. Siku 2 au 3 baada ya dawa kinyesi chake kizolewe na kuzikwa, kwa kuwa dawa inaua mnyoo lakini haiui mayai.

#16 Kinyambwa

Hapo nimekuelewa vizuri, mkuu. Na mbuzi wa uwani wanaokuja kudai maganda?

#17 Bwana_Mifugo_Bahi

Maganda ya viazi na ya ndizi kidogo sawa. Hatari ni unga na pumba. Mbuzi akipenya akala unga mwingi kwa mara moja, tumbo kubwa linajaa asidi: anasimama ameduwaa, anasaga meno, anaharisha maji ya kunuka siki, anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2. Ndoo ya unga iwe na mfuniko wa kubana. Maganda mabichi ya muhogo mchungu asipewe.

#18 Kikuyu_Kusini

Nimesoma yote, na lile la maji ya moto nimelifuta kichwani. Swali la mwisho: wageni. Mbwa ameshajua mkekani, lakini wakija watu 20 kila mmoja anarusha mfupa.

#19 Jiko_la_Uwani

Asante kaka kwa kusema hivyo.

Siku ya wageni usimjaribu. Mafunzo ya wiki 3 hayahimili mikono 20. Mlishe saa 1 kabla wageni hawajafika, mfunge nyuma ya nyumba kwenye kivuli na maji, mpe kitu cha kumchukua muda: kopo la chuma lisilo na makali, lijazwe ugali laini na dagaa, likandamizwe. Atalilamba zaidi ya nusu saa. Afunguliwe mifupa yote ikishaokotwa, na uokotaji uhesabu vijiti vya mishkaki kama ilivyosemwa juu.

Watoto ndio warushaji wakubwa, na ukiwakataza tu wanarusha ukigeuka. Mpe mtoto mmoja wa miaka 6 au 7 kazi: kikombe cha plastiki chenye vipande 10 vya dagaa, naye ndiye pekee anayeruhusiwa kulipa. Mfundishe asimame wima, mkono ukishuka moja kwa moja mpaka juu ya salfeti, aachilie, arudi hatua moja. Vipande 10 vikiisha, anageuza kikombe juu chini mbele ya mbwa ili aone hakuna kitu. Baada ya siku chache mbwa akiona kikombe kimegeuzwa anaweka kidevu chini mwenyewe.

#20 Ipagala_Kwetu

Dagaa wa kikombe wanatolewa kwenye zile gramu 70 za siku?

#21 Jiko_la_Uwani

Ndiyo, ndani ya hizohizo. Pima asubuhi, wachemshe wote pamoja, wa kikombe wawekwe pembeni, wanaobaki waende kwenye ugali wake.